Masikio ya Shemeji Jere

Kantanshi, Mufulira
9 Aprili 1988

Dada Nkandu,

Kama huko Chinsali mmeona ardhi imetulia ghafla wiki hii, msishtuke. Ni mimi nimeshuka mgodini. Siku hizi mawe yakiniona yanajipasua yenyewe kwa adabu, yanapanda kwenye vigari bila kusukumwa, yanauliza, "Bwana Chomba, twende upande gani?" Nisingekuwepo mimi, nchi hii ingekuwa inauza viazi vitamu, siyo shaba. Rais akijua jina langu atanihamishia Ikulu, halafu ninyi wa Chinsali mtaanza kusema tulimlea sisi, tulimlea sisi. Hamkunilea. Mlinipa viwavi vikavu na makofi.

Sasa sikia. Kapteni wetu, msimamizi wa zamu, alikuja akauliza, "Katika kundi hili, nani anasoma Kiingereza cha kwenye maboksi?" Shemeji Jere akatazama chini. Kaluba, yule mume wa rafiki yako Mama Mpundu, anayemsaidia shemeji kushika chuma cha kuchorongea, akatazama juu. Mimi nikatazama mbele. Basi, nimekuwa mwangalizi wa usalama wa kundi zima. Mimi, niliyeanguka darasa la tisa! (Ndiyo, nilianguka, usianze.) Nina kitambaa cha kijani begani. Ukikiona utanisalimia kwa magoti.

Wakanipeleka kwenye somo la masikio. Mwalimu ni Sista Namfukwe wa hospitali ya mgodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Anasema ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo kama majani ya uwandani. Kelele ni ng'ombe. Ng'ombe wakipita mara moja majani yanainuka tena. Wakipita kila siku yanalala moja kwa moja, na hakuna dawa ya kuyainua. Nilimfikiria shemeji na ile mashine yake ya kuchoronga mwamba, miaka kumi na nne anailalia kifuani ikimpigia kelele. Huyo siyo ng'ombe, ni kundi zima la Wangoni na ngao zao.

Na unajua masikio anayaziba kwa kitu gani? Kwa pamba ya kufutia grisi! Nikamwambia, "Shemeji, toa uchafu huo masikioni."

Akasema, kwa ule utani wa Wangoni na sisi wa Chinsali, "Mla nyani wewe, pamba hii imenitunza tangu ulipokuwa unakojoa kitandani."

"Imekutunza? Nakuita mara tatu ndiyo unageuka."

"Mara mbili za kwanza huwa nasikia. Nangoja nione kama una jambo la maana."

Huyo ndiye mumeo, mla panya wa Chipata. Lakini usiogope. Uliponiachia nyumba ukasema, "Chomba, nitazamie masikio ya huyu mtu," hukujua unamwambia nani. Somo lote nimelimaliza. Nitamtafutia kinga ambayo hata malaika wakipiga tarumbeta yeye ataendelea kulala.

Msalimie mama. Mwambie mguu upone haraka, mwanawe amekuwa mkubwa.

Mimi, nguzo ya mgodi,
Chomba


Chinsali
24 Aprili 1988

Chomba,

Barua yako nimemsomea mama. Alicheka mpaka akasahau kuugulia mguu, kwa hiyo nakushukuru, lakini hilo la viwavi na makofi amelisikia na amesema makofi yaliyobaki amekuhifadhia.

Nguzo ya mgodi, nisikilize. Sitaki malaika wapige tarumbeta mume wangu alale. Nataka asikie.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia yeye. Kabla hatujaja huku, Yande alikuwa anamsomea baba yake kitabu cha shule kila jioni. Baba anakaa pale kwenye kigoda, anatikisa kichwa, anatabasamu. Siku moja mtoto akaacha kusoma kilichoandikwa, akaanza kusema upuuzi, kuku amevaa suruali, mwalimu ameliwa na mamba. Baba akaendelea kutikisa kichwa na kutabasamu. Mtoto akaja jikoni akaniuliza, "Mama, baba ananidharau?" Nilimwambia baba amechoka. Chomba, hakuchoka. Hasikii sauti ndogo ndogo, na sauti ya mtoto ni ndogo.

Kilichopotea najua hakirudi. Lakini kilichobaki nakitaka. Ndiyo maana nakusumbua. Mtafutie kitu cha kumfaa yeye, siyo cha kukupa wewe sifa. Na umuulize mwenyewe anaonaje. Yeye ndiye anayejua kazi yake, wewe umeingia juzi na kitambaa.

Mama bado hawezi kushika mchi. Natwanga peke yangu. Karanga mwaka huu ni nzuri, nitakutumia kwa basi, na usizimalize kabla shemeji yako hajarudi kutoka kazini kama ulivyofanya na zile za mwaka jana.

Dada yako,
Nkandu


Mufulira
8 Mei 1988

Dada,

Karanga zimefika. Shemeji amekula nyingi kuliko mimi. Huo ni uongo, lakini amekula.

Kazi imekwisha! Nilimchukua shemeji mpaka stoo, nikaegemea kaunta kama mwenye mgodi, nikasema, "Lete vyote." Mtunza stoo akatuwekea vya kila namna. Kuna vizibo vya sponji, unavifinyanga kwa vidole viwe vyembamba kama njiti, unavuta sikio juu, unachomeka, vinavimba vyenyewe ndani. Kuna vizibo vya mpira vilivyofungwa kamba, kimoja huku, kimoja kule. Halafu kuna vifuniko vikubwa vya kubana kichwani juu ya kofia ngumu, kama vikombe viwili. Kila boksi lina namba yake, na namba ndiyo inasema kitu kinakata kelele kiasi gani. Hapo ndipo kusoma kunapolipa. Wengine walikuwa wanachagua kwa rangi!

Shemeji akachukua vile vya mpira. Akavivaa, akavitoa, akavivaa tena. Akasema, "Hivi vinanitosha. Nikitaka kusikia navivuta, vinaninginia shingoni, mkono mmoja tu. Na vya sponji sivitaki, vidole vyangu vina grisi kutwa, nitajichomeka uchafu mpaka masikio yatoe usaha."

Nikasoma boksi. Namba ndogo! Nikamwambia, "Shemeji, hivi ni vya washona viatu."

"Lakini vinanikaa."

"Vinakukaa, vinakukaa! Ndoo pia ingekukaa. Namba, shemeji. Tunafuata namba."

Kaluba alikuwa nyuma yetu anacheka. "Mpe mtoto anachotaka, Jere. Asipopata atalia, na kitambaa chake kitalowa."

Nikampa vifuniko vyenye namba kubwa kuliko zote stoo nzima. Na chini yake nikamwekea vizibo vya sponji pia, mimi mwenyewe namchomekea asubuhi kabla hatujashuka, mikono yangu ikiwa safi. Unaona akili hiyo? Namba juu ya namba! Mtunza stoo alitaka kusema kitu nikamwonyesha kitambaa.

Na matokeo je? Zile kengele zilizokuwa zinamlilia kichwani akirudi nyumbani zimepungua. Kasema mwenyewe. Jumapili alisimama uani akasema, "Kumbe jirani ana jogoo." Jogoo yule ana miaka mitatu, dada!

Tena kuna mashindano. Kundi ambalo halitakutwa na mtu masikio wazi mpaka mwisho wa Juni, kila mmoja anapata gunia la unga mweupe. Siyo ule wa pumba, mweupe. Na unajua foleni ya unga ilivyo hapa, watu wanapanga mawe yawashikie nafasi, wao wanakwenda kulala. Sheria ni moja: ukivuka ubao wa njano hufunui sikio, mashine ikilia isilie, kwa sababu mafeni na mashine za wenzetu hazinyamazi. Kapteni anapita bila kubisha hodi. Mimi nimewaambia wangu: atakayefunua sikio, nitamfunua ngozi.

Mlinzi wa mbinguni wa masikio,
Chomba


Chinsali
22 Mei 1988

Mdogo wangu,

Hilo la jogoo nimelisoma mara nyingi. Nimemsomea na Yande. Amesema baba akija huku kutuchukua atamsomea upya, na safari hii atamtegea maneno ya uongo katikati aone kama atashtuka. Sikujua mtu anaweza kulia kwa ajili ya jogoo wa jirani. Nimekusema vibaya mbele ya mama mara nyingi. Leo nimekusema vizuri, ujue.

Mama ameanza kutembea mpaka jikoni. Nadhani Agosti tutarudi.

Jambo moja tu, na usinicheke. Mimi ni mke wa mchorongaji, na baba yetu alikuwa mchorongaji, kwa hiyo hii naijua bila boksi. Kabla hawajachoronga wanagonga dari kwa mtarimbo na kusikiliza. Jiwe zima linaita. Lililolegea linaitikia kama mtungi wenye ufa. Sasa huyu mtu na vikombe vyake na sponji chini yake, anasikia mtungi? Akigonga anavua? Niambie.

Nkandu


Mufulira
5 Juni 1988

Dada,

Anavua, anavaa. Wewe tulia huko utwange. Mwangalizi nipo.

Niandalie mahali pa kuweka magunia mawili ya unga, langu na la mumeo. Hatujakutwa hata mara moja. Kundi la Shimo la Kaskazini wamekutwa, mmoja alikuwa anajikuna. Sisi kwetu hakuna kujikuna.

Naandika haraka, zamu imeanza.

Chomba


Mufulira
26 Juni 1988

Mama Yande,

Nakuandikia mwenyewe ili usisikie kwa abiria wa basi.

Alhamisi jiwe lilianguka mahali petu pa kazi. Kaluba amekatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Yuko hospitali, anaongea, anatukana, kwa hiyo ataishi. Mimi nimechubuka mgongo. Chomba hana hata alama.

Dari sikuligonga. Wakubwa walituita wakauliza, nikawajibu hivyo, na wewe nakujibu hivyo hivyo. Mwenye mtarimbo ni mimi na jiwe ni langu. Nimeondolewa chini. Nafagia uwanja wa karakana. Kitambulisho cha uchorongaji wamechukua.

Mama Mpundu hanisalimii. Ni sawa. Nilimpelekea kuni akazitupa kando ya njia.

Chomba usimsumbue na maswali. Bado ni mtoto, na chakula hali vizuri. Usiku ananisemesha mambo mengi ya kuchekesha lakini yeye mwenyewe hacheki.

Mwambie Yande barua yake nimeipata, na mchoro wa kuku nimeubandika juu ya kitanda.

Baba Yande,
S. Jere


Chinsali
3 Julai 1988

Chomba,

Barua ya shemeji yako nimeipata, na ya Mama Mpundu pia, aliandikiwa na mwalimu wa kanisani. Sitakuandikia alichosema. Alikuwa na haki ya kusema zaidi.

Sasa nieleze wewe, kwa sababu mimi sielewi. Tulipohamia hiyo nyumba ya Kantanshi, mume wangu aligonga kuta. Aligonga dari la jiko kwa mpini wa ufagio kabla hajaniruhusu kuwasha moto. Nilimcheka mbele ya majirani. Kanisani anaangalia juu kabla ya kukaa. Mama alimpa boga, akaligonga. Mtu huyo ndiye ananiambia "dari sikuligonga"? Kama ni mtu mwingine ameingia kwenye ngozi yake, niambie ni nani nimeolewa naye.

Alikuwa amelewa? Sema. Kama alilewa nitajua la kufanya, baba yetu alilewa na mama alijua la kufanya.

Au alikuwa na haraka ya unga? Ulisema magunia, magunia. Je, mume wangu ameuza mguu wa Kaluba kwa gunia? Mama Mpundu alinizalisha Yande kwa mikono yake kabla mkunga hajafika. Nikirudi nitasimama naye vipi bombani kuchota maji? Nitasema, "Samahani, mume wangu siku hiyo alisahau"?

Mume wangu mwenyewe nimemwandikia kwa hasira, na kama ni kweli hakugonga, sifuti neno hata moja. Ila wewe ulikuwepo. Ulikuwa hatua chache tu. Aligonga au hakugonga?

Nkandu


Mufulira
10 Julai 1988

Dada,

Hakulewa. Shemeji halewi siku ya kazi, hilo naapa.

Mengine mimi sijui sana. Nilikuwa nashughulika na mpira wa maji, uliziba. Kulikuwa na vumbi. Mambo ya chini ni ya haraka, mtu wa juu hawezi kuelewa. Yamepita, tuyaache. Kaluba anajifunza kutembea kwa magongo, jana alimpiga nayo daktari, kwa hiyo anaendelea vizuri.

Unga tumepewa. Walisema jiwe ni jambo lingine na masikio ni jambo lingine, na siku ile watu wote wa kundi letu walikutwa wamefunika masikio. Magunia mawili yapo hapa sebuleni. Hayajafunguliwa.

Mama hajambo?

Chomba


Chinsali
24 Julai 1988

Chomba,

Unga huo usiniletee.

Nimezungumza na mjomba. Amekubali twende kwa ndugu wa shemeji yako Chipata kuzungumza kikubwa. Yande ataanza shule hapa muhula ujao. Mimi sirudi.

Usifikiri ni kwa sababu amekuwa mfagiaji. Ningekaa na mfagiaji mpaka tuzeeke. Ningekaa na kiziwi, nilishajiandaa kukaa na kiziwi, nilikuwa nimeanza kumfundisha mtoto aongee akimtazama baba yake usoni. Lakini siwezi kukaa na mtu ambaye alikuwa na jambo moja tu la kuwafanyia wenzake, akaliacha, halafu hataki hata kuniambia kwa nini. Nilimwandikia kurasa nne. Amenijibu maneno mawili: "Una haki." Nimeolewa na ukuta. Hata ukuta yeye aliugonga.

Masufuria yangu, yale matatu ya mahari na lile kubwa la kupikia msibani, yafunge kwenye gunia uyape basi la Ijumaa. Mashine ya kushonea muachie, aiuze. Mchoro wa kuku pia muachie.

Wewe nakushukuru. Ulijaribu. Nilikuomba umtazamie masikio ukayatazama, na hiyo ndiyo habari njema pekee niliyopata kutoka kwenye nyumba hiyo mwaka huu.

Dada yako,
Nkandu


Mufulira
31 Julai 1988

Dada Nkandu,

Masufuria hayajaja na basi la Ijumaa. Yamefungwa, lakini siyo mimi niliyeyafunga. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta shemeji amekaa sakafuni, amesoma barua yako niliyoiacha mezani kama mjinga, anazungushia magazeti sufuria moja moja ili yasigongane njiani. Lile la msiba amelisugua kwa majivu mpaka unajiona. Nikamwambia, "Shemeji, acha." Hakusikia. Nikamzunguka nikasimama mbele yake, nikasema tena, "Acha." Akasema, "Kwa nini? Ni ya mwenyewe." Nikabeba gunia nikaliweka chini ya kitanda changu. Basi likaondoka.

Nimejaribu kukuandikia barua hii kwa mzaha. Nilianza "Mimi, simba wa Mufulira." Karatasi nimeichana. Nyingine nikaanza hivyo hivyo, nayo nikaichana. Unaniona mimi, mtu wa maneno.

Ulinishukuru. Usingenishukuru ningenyamaza mpaka nizeeke, nakwambia ukweli.

Somo la Sista Namfukwe sikulimaliza. Lilikuwa la kutwa nzima. Asubuhi alisema habari za vinyweleo na namba. Tukala, na baada ya kula kulikuwa na mpira uwanjani, mimi na vijana wengine tukatoka kupitia dirisha la choo. Nilijiona mjanja kuliko waliobaki. Siku tulipoitwa na wakubwa baada ya jiwe, Sista alikuwepo, na walipomaliza nikamfuata nje. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mwingine: mchorongaji anayegonga dari avae kipi? Akanitazama. Akasema, "Hilo nililisema mchana. Namba kubwa siyo dawa ya kila mtu. Unachagua inayopunguza kelele mpaka pale isipoumiza, basi, siyo mpaka mtu awe kama yuko kaburini. Mtu wa dari lazima asikie dari na asikie mwenzake akipiga kelele. Tena kama sikio lake limeshapungua, ukimzidishia unamfunga kabisa. Mpe vya mpira vyenye kamba, avivute akigonga, avirudishe akichoronga."

Vile vya mpira. Vile alivyovichagua mwenyewe, akavivaa na kuvitoa mbele yangu, akaniambia vinamkaa. Nikamwambia ni vya washona viatu.

Uliponiuliza kama akigonga anavua, nilikujibu anavua. Mwanzoni alikuwa anavua kweli. Vifuniko vile ni vya kubana juu ya kofia, na chini yake sponji, kwa hiyo kuvua ni kazi: unaweka mtarimbo chini, unainua kikombe, unachimbua sponji kwa kidole chenye tope. Yeye alifanya hivyo kila siku, pole pole, na mimi kila siku nilikuwa narukaruka kwa hofu ya kapteni na ya kukosa gunia. Nikamwambia, "Shemeji, utatuponza." Akasema, "Mla nyani, jiwe halisomi mashindano." Nikamwambia kundi zima litakosa unga kwa sababu yake, na Kaluba ana watoto watano. Hilo la watoto nililijua litamwingia. Baada ya hapo akawa anagonga akiwa amefunikwa, anaweka kiganja kwenye mwamba ausikie kwa mkono. Siku nyingi mkono ulitosha.

Mbele ya wakubwa tuliingia mmoja mmoja, yeye kwanza. Tukiwa tunangoja kwenye benchi alinishika goti. Akasema, kwa ile sauti yake anayodhani ni ya chini na kumbe karani wa chumba cha pili anaisikia, "Nitasema sikugonga. Ukisema uligombana na mimi habari ya vifuniko, wataniuliza nani alinipa, na wewe kazi yako bado changa. Masikio yangu yameshakwisha, wangenitoa tu mwaka huu au ujao. Usinibishie." Sikumbishia, dada. Ndilo jambo la kwanza tangu nizaliwe ambalo sikubishia. Nikaingia ndani wakaniuliza kama nilimwona akigonga, nikasema vumbi lilikuwa jingi. Kisha nikatoka na kitambaa changu cha kijani bado kiko begani.

Kwa Kaluba nimekwenda jana. Nimemweleza yote haya ninayokwambia, mpaka hapa. Mama Mpundu alisimama mlangoni na mwiko. Kaluba akaniambia, "Toka, na umwite Jere aje." Nikamwita. Waliyoongea sijui, nilikaa nje na kuku. Lakini shemeji alipotoka Mama Mpundu alimpa zile zile kuni alizozitupa, akazibeba mpaka jikoni kwake.

Kitambaa nitakirudisha Jumatatu, na nitawaambia wakubwa. Kama watanifukuza nitakuja Chinsali nikutwangie. Mjomba mwambie asiende Chipata. Nakuomba, siyo kwa ajili yangu.

Limebaki moja tu. Kaluba pia sikumwambia, nilishindwa, na shemeji peke yake ndiye anayelijua. Nikilituma kwako najua hutaniita mdogo wako tena kwa muda.

Uliuliza aligonga au hakugonga. Aligonga, dada. Aligonga pale juu ya Kaluba, akagonga tena, na mkono ukamtilia shaka. Akaegemeza mtarimbo begani, akashika kikombe cha kulia ili avue asikilize. Wakati ule ule niliona taa inakuja kule mwisho wa njia, nikadhani ni kapteni. Hakuwa kapteni. Alikuwa fundi wa mabomba anarudisha spana. Shemeji alinigeukia aone nasemaje. Chini kule hatusemi kwa mdomo, tunasema kwa taa ya kofia, kushoto na kulia maana yake usifanye. Nikamtikisia taa kushoto na kulia. Akanitazama kidogo, akashusha mkono.

Chomba